Rangi ya Pikipiki ya Athanase

Mukandori alishuka kutoka kijijini kwake Kingi asubuhi, gunia begani, binti yake Niyigena akimfuata nyuma. Ndani ya gunia mlikuwa na plastiki za pikipiki: ile ya mbele inayozunguka taa, na zile mbili za ubavuni. Pikipiki yenyewe ilikuwa imetangulia mjini Masisi kwa fundi wa injini. Wao walikuwa wanakwenda kwa Sébastien, fundi wa rangi.

Pikipiki hiyo ilikuwa ya Athanase Sebarenzi, mume wa Mukandori. Tangu homa imchukue, miaka saba iliyopita, ilikaa katika chumba cha maharagwe, imefunikwa shuka. Wanaume wengi walikuja kuiulizia. Mukandori aliwajibu wote jibu moja: haiuzwi, haiazimwi. Lakini sasa Niyigena alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi na kupata kazi kwenye kituo cha afya cha Itebero, ndani ya msitu wa Walikale, ambako mgonjwa mmoja na mwingine wanatenganishwa na mwendo wa nusu siku. Mukandori mwenyewe ndiye aliyeondoa shuka.

Sébastien alipanga plastiki juu ya meza, chini ya paa la mabati. Kisha akawaonyesha vibao vitatu vilivyopakwa wekundu uleule. Kimoja kiling'aa kama maji. Cha pili kiling'aa nusu. Cha tatu hakikung'aa hata kidogo.

"Rangi nyekundu, nimesikia," alisema. "Sasa munataka ing'ae ao iwe mati, kama hii ya mwisho?"

"Ing'ae," alisema Mukandori.

"Mati," alisema Niyigena.

Walisema pamoja. Sébastien alicheka, akaona hakuna mwenzake anayecheka, akajikohoza.

"Ya kung'aa unaipangusa mara moja, matope inatoka. Lakini kila mukwaruzo unaonekana. Mati inaficha mikwaruzo, ila mafuta ikiingia, kuitoa iko kazi. Muzungumuze kwanza."

Mukandori alichukua kile kibao cha kwanza, akakigeuza kwenye mwanga. Akilini alimwona Athanase anaingia Kingi na pikipiki mpya kutoka Goma, watoto wanakimbia nyuma yake. Wakati ule alikuwa anapeleka chumvi na sabuni Itebero na kurudi na mawese. Kila Jumapili, kabla ya misa, aliipangusa mpaka Mukandori akaweza kuinama mbele yake na kufunga kitambaa cha kichwa bila kioo.

"Hii pikipiki, moto ya Papa, haikukuwa inang'aa, Mama," alisema Niyigena taratibu. "Miye nataka iwe kama yake."

"Iling'aa. Wewe ulikuwa mudogo."

"Naikumbuka vizuri."

"Unakumbuka ya mwisho-mwisho." Mukandori alirudisha kibao mezani. "Njia ilipoharibika, watu wa bunduki walikuwa wanachagua moto nzuri-nzuri na kunyang'anya. Papa yako akaleta muchanga ya mutoni, akaisugua yote mpaka ikakuwa mbaya. Miye niliingia ndani, nikafunga mulango. Sikuweza kuangalia."

Niyigena aliweka kidole kwenye plastiki ya mbele.

"Ile siku nilikuwa naye," alisema. "Alinipa kipande ya gunia, akaniambia tunaogesha moto. Tulisugua pamoja. Akanipaka muchanga kwenye pua, nami nikamumwangia maji, suruali yote ikalowa. Alikuwa anaimba, Mama. Miaka yote nilifikiri ilikuwa siku ya sikukuu."

"Papa yako alikuwa anaimba?"

"Aliimba, akacheka sana."

Mukandori aliketi kwenye benchi la fundi. Alikuwa ameibeba alasiri ile kama siku ambayo mume wake alivunjika. Alikumbuka alivyokaa kitandani akiziba masikio asisikie mchanga unavyokwaruza, na jinsi Athanase alivyoingia baadaye, suruali imelowa, na yeye hakumuuliza kitu. Hawakuizungumzia tena mpaka kifo chake. Alilia kidogo, kisha akaanza kucheka, mdomo ameuficha kwenye kitenge.

Niyigena alimgeukia fundi. "Papa Sébastien, weka ya kung'aa. Mama afurahi."

"Hapana," alisema Mukandori. "Ni wewe utaendesha, na ile njia haijapona. Weka mati."

"Mama, kweli?"

"Weka mati. Nimesema."

Siku nne baadaye walirudi. Pikipiki ilikuwa imeshaletwa kutoka kwa fundi wa injini, plastiki zimefungwa tayari mahali pake, nyekundu tulivu, kama tofali lililotoka kwenye tanuri. Mukandori aliinama mbele ya taa kwa mazoea ya zamani. Hakuona sura yake. Alipitisha kiganja juu ya rangi, mara moja, mara ya pili.

"Iko laini," alimwambia Sébastien. "Umefanya vizuri, kaka."

Niyigena aliwasha injini. Mukandori hakuwa amepanda pikipiki tangu mazishi. Alipanda, akamshika binti yake kiunoni, wakashika njia ya Kingi. Walipoanza kupanda mlima, alianza kumsimulia habari za Athanase, jinsi walivyojuana, na maneno ambayo Athanase alimwambia mama mkwe wake siku ya kwanza, mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Niyigena alipunguza mwendo, apate kusikia.