Kamba Nyekundu ya Bi Fusae

Siku ile Wakana alirudi mapema kutoka chuoni, akamkuta bibi yake anatembea ukumbini, kwenda na kurudi, kimono chake, joho refu la Kijapani, amekipandisha juu ya magoti. Miguu yake ilikuwa ya zambarau kama biringani.

"Bibi! Umefanya nini?"

"Mazoezi. Nimebakiza dakika kumi."

Kwa miaka arubaini Bi Fusae alikuwa akiwavalisha mabibi harusi kimono, kazi ya kupiga magoti na kuinuka. Tangu avunjike nyonga, akipiga magoti hainuki bila kushikwa mkono. Na Januari Wakana angesherehekea kutimiza miaka ishirini, siku ambayo wasichana huvaa kimono. Bibi alikwisha apa kwamba hakuna mwingine atakayemvalisha mjukuu wake. Mara mbili kwa wiki, kliniki walikuwa wakimfunga mapajani mikanda ya kujazwa upepo, ili damu ipite kidogo tu miguuni, kisha anatembea polepole robo saa. Misuli, walimwambia, hudhani imebeba mzigo mzito, ikapata nguvu.

Leo hakungoja kliniki. Alikuwa amejifunga mapaja mwenyewe, kwa kamba mbili za hariri za kukazia kimono, ya kijani na nyekundu.

Wakana alibonyeza ngozi juu ya goti, kama alivyoona mtaalamu akifanya. Kliniki, doa jeupe hupotea kabla hujahesabu tatu. Alihesabu hadi nane. Doa lilikuwa palepale.

"Unasikia nikikugusa?"

"Sisikii kitu. Si ndiyo dalili kwamba inafanya kazi?"

Wakana alijaribu kuzifungua kamba. Mafundo ya Bi Fusae hayakuwahi kulegea harusini, na sasa yalikuwa yamezama nyamani. Akakimbilia mkasi.

"Kata hiyo ya kijani. Nyekundu usiiguse! Aliivaa mama yako, nawe utaivaa."

"Bibi, huu ni mguu wako!"

"Wakana, nimesema—"

Akakata zote mbili. Damu ilirudi kwa kishindo, na bibi yake, ambaye hakulia hata alipovunjika, akapiga yowe.

Hospitalini walikaa hadi jioni. Mishipa ilikuwa salama. Nagamine, mtaalamu wa mazoezi wa kliniki, alikuja mbio, uso umempauka kuliko wa mgonjwa.

"Bi Fusae, mkanda wetu una kipimo. Mikono yako haina."

"Mikono yangu imezoea kukaza tu, mwanangu."

Nyumbani vipande vya kamba vilikuwa bado sakafuni. Wakana alikuwa anavua viatu mlangoni bibi alipomtangulia ndani, akinung'unika, "Kamba nzuri vile, jamani." Akapiga magoti, akaokota kipande kimoja, akaokota cha pili, akasimama.

Hakushika ukuta wala mtu.

Wakana aliganda, kiatu mkononi. Bi Fusae naye akaitazama miguu yake kana kwamba ni ya jirani. Ilikuwa wiki ya saba ya kliniki, ya yale matembezi ya polepole aliyoyaita mchezo wa watoto.

"Bibi..."

"Nyamaza kwanza." Akashuka tena, taratibu. Akainuka, akiuma midomo.

Kisha akaketi, akavipanga vipande viwili vyekundu mapajani.

"Usinikodolee macho. Lete sindano. Nikikuvalisha, mshono utakaa mgongoni, hakuna atakayeuona."