Safu ya Mapambo

Kwaya ya shule ile ilikuwa na watoto arobaini na sauti ishirini na tano, na hesabu hiyo haikumnyima mtu usingizi. Masharti ya mashindano yalitaka arobaini jukwaani, basi arobaini walipatikana. Wale ambao sauti zao zilipotea njia walipangwa safu ya nyuma, wakavishwa mashati meupe kama wenzao, wakapewa agizo moja: fungueni midomo, sauti msitoe. Na walifungua kweli, jamani. Walitikisa na vichwa. Ofisini walimu waliwaita mapambo, na watoto wenyewe wakalizoea jina hilo, maana mtoto ukimwita kitu kila siku huishia kuitika.

Mwalimu wa muziki alilikuta jambo hilo lipo, kama alivyoukuta ufa kwenye ukuta wa darasa lake. Wanafunzi walimwita Mwalimu Pumua, kwa sababu hakuna somo aliloanza bila neno hilo. Mwaka wa kwanza aliacha mambo yaende. Chuoni alikuwa ameandika kurasa na kurasa kueleza kwa nini muziki ufundishwe shuleni: unanoa kumbukumbu, unajenga nidhamu, unawazoeza watoto kushirikiana. Akapewa alama za juu, akarudi nyumbani kichwa kimevimba. Haikumpitikia kwamba yote yale yalikuwa majibu ya kuwaridhisha wakubwa.

Aliyemfumbua macho ni mama yake mzazi. Mama alikuwa fundi cherehani mpaka macho yalipoanza kumkataa, akahamia kwa binti yake huyu mwalimu, na ndiye aliyepiga pasi mashati ya kwaya. Mwanamke wa maneno yule, mwenye utani hata na muuza mkaa, lakini kuimba haimbi. Watoto wake wote aliwalaza kwa kuwapigapiga mgongoni, kimya. Ukimuuliza, anakwambia sauti yake mbaya, vile vile anavyokwambia mguu wake mpana. Siku moja, pasi mkononi, akaanza kucheka peke yake.

"Shati hili ni la pambo, eh? Hata mimi nilikuwa pambo. Mwalimu wetu alipita na rula, akanigusa bega, akasema wewe binti fungua mdomo tu. Nikafungua."

"Ulikuwa na umri gani, mama?"

"Kama hao wako. Na usinitolee macho hivyo, sikufa."

Akageuza kola, akaendelea na kazi. Binti yake hakucheka. Hasira ilimpanda, na kilichoizidisha ni kwamba mwaka mzima naye alikuwa akifanya yale yale, ila bila rula.

Kesho yake akaanza na mapambo. Wa kwanza alikuwa msichana ambaye wenzake walimwita Trekta, kwa ngurumo aliyokuwa nayo kifuani. Mwalimu hakumpigia noti na kumwambia aifuate. Alimwambia atoe sauti yoyote ile, ya kwake, kisha akaitafuta kwenye kinanda mpaka akaipata huko chini. Akaigusa, akaiimba pamoja naye, wakakaa hapo hapo. Trekta akamgeukia.

"Mwalimu, hiyo ni mimi au ni wewe?"

"Ni sisi. Sasa tupande kidogo."

Hivyo ndivyo walivyokwenda, ngazi kwa ngazi, mtoto mmoja mmoja, baada ya masomo. Wengine walipanda upesi. Trekta alifika karibu kote, isipokuwa ubeti wa tatu wa wimbo wa mashindano, pale sauti inapokwea. Hapo aligoma kama gari mlimani, akabaki chini akinguruma huku wenzake wakiendelea. Lakini sasa alikuwa akija mazoezini kabla ya kengele, na anaimba njia nzima kutoka kwao.

Habari zikamfikia mwalimu mkuu. Si mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mwalimu wa hisabati aliyebeba shule isiyo na mbele wala nyuma, paa linavuja, wakaguzi wanamkalia shingoni. Akasimama mlangoni mwa chumba cha muziki, akasikiliza, akakunja uso.

"Mwalimu, nasikia humu ndani kuna trekta."

"Ni mtoto, Mkuu. Anajifunza."

"Ajifunze baada ya mashindano. Nikuulize kitu. Wazazi wananijia hapa, wananiuliza muziki wa nini. Hisabati najibu. Sayansi najibu. Muziki nawaonyesha kabati la vikombe, na kabati lenyewe lina kikombe kimoja, kimeota kutu. Wewe ungewajibu nini?"

Zile kurasa za chuoni zilimjia zote, kumbukumbu na nidhamu na ushirikiano, naye akaziacha zipite.

"Ningewaambia tunafundisha muziki ili mtoto aweze kuimba."

"Basi? Akishaimba?"

"Akishaimba ameimba. Mkuu, wewe hisabati unawafundisha wanaojua tu? Asiyejua kugawanya unamwambia ashike kalamu ajifanye anaandika?"

Mkuu akakuna kidevu. Lile lilimgusa, lakini alikuwa ameshakata kauli.

"Hisabati haina majaji wala jukwaa. Sikiliza. Wakaguzi wanakitaka kipindi chako wayape masomo ya mtihani. Niletee kikombe, nami kipindi nitakilinda kwa meno. Usiponiletea, mikono yangu imefungwa, na chumba hiki kitakuwa stoo. Mapambo wabaki mapambo. Tumeelewana?"

Mwalimu alikaa kimya, na mkuu akadhani amekubaliwa. Watu wengi hukosea hapo.

Asubuhi ya mashindano mama alikuwa akifunga vifungo vya shati la mwisho. Binti yake alimweleza yote, akitarajia kuungwa mkono, na hakuungwa.

"Wanyamazishe, mwanangu. Siku moja tu. Ukikosa kipindi, hata hao wanaoimba vizuri utakuwa umewanyang'anya. Mimi nilinyamazishwa, mbona ninaishi?"

Alisema kweli, na ndiyo iliyomuuma zaidi. Mwalimu alikwenda ukumbini. Alifikiria kinanda chenye funguo tatu bubu alichokuwa amekibembeleza muda wote huo. Alifikiria madarasa ya chini ambayo bado hayajamfikia, na watoto ambao wangekulia katika shule isiyo na wimbo. Hofu ilimshika barabara, asiambiwe mtu vingine.

Nyuma ya pazia watoto walipanga safu. Trekta akainama mbele, akauliza kwa sauti ya chini, ambayo kwake yeye haikuwa chini sana:

"Mwalimu, leo tunaimba au tunafungua?"

Safu nzima ya nyuma ilikuwa ikimtazama. Hakuna aliyelalamika. Walikuwa tayari kwa jibu lolote, na utayari ule ndio uliommaliza.

"Mnaimba," akasema. "Wote. Pumueni."

Waliimba. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, ukumbi ukatulia. Wa pili vilevile. Wa tatu sauti zikakwea, na Trekta akabaki chini akinguruma kwa moyo wote, macho ameyafumba, na wawili watatu wa safu yake wakabaki naye. Mtu mmoja akacheka pembeni. Jaji wa katikati akashusha miwani. Mwalimu aliendelea kupunga mikono, na pale kwenye ngurumo hasa akawapa ishara waongeze.

Matokeo yalipotangazwa walikuwa wa mwisho, ukiitoa shule moja ambayo basi lao liliharibika njiani wasifike.

Mkuu alimngoja nje ya ukumbi, mshipa wa shingo umemtoka.

"Ulijua."

"Nilijua, Mkuu."

"Basi Jumatatu ufunguo wa chumba uwe mezani kwangu. Kipindi hakuna."

"Ufunguo nitaleta. Wakati wa mapumziko nitakuwa uwanjani, kando ya ukuta wa hiyo stoo yako. Anayetaka kuimba atanikuta."

"Bila kinanda? Bila chumba?"

"Sauti wanazo wenyewe. Na mapumziko si kipindi."

Mkuu akaondoka zake. Trekta alikuwa amesikia yote. Akamsogelea mwalimu wake, amekunja mkono wa shati.

"Tumeshindwa kwa sababu yangu?"

Mwalimu alikuwa na uwongo mtamu karibu, wa kumpa mtoto alale vizuri. Hakuutumia.

"Kwa sehemu, ndiyo. Pale juu bado hujapafika. Na kesho wakituita tena, nitakuimbisha tena."

Trekta akawaza. "Nitapafika," akasema, kwa hasira kidogo, na mwalimu akaipenda ile hasira.

Mama alikuwapo ukumbini, viti vya nyuma. Hata yale maneno ya nje na Mkuu aliyasikia. Jioni walikuwa jikoni, mama akiosha vyombo, binti akivifuta. Mama amegeukia ukuta, mikono imo kwenye povu, mara akaanza kuimba.

Haukuwa wimbo wa mchana ule. Ulikuwa wa shule, wa zamani, ambao binti yake hakuwahi kuusikia. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, hakukosa hata neno. Aliyajua yote, maana aliyafungulia mdomo siku nenda siku rudi, bila sauti, mpaka yakamkaa. Sauti yenyewe ilikuwa ya kukwaruza, inayumba, imekaa chini ya wimbo kabisa. Sikio la mwalimu lilishika kila palipokosewa. Akaweka kitambaa chini, akasimama kando yake, akasikiliza mama yuko wapi, akashuka akamfuata huko huko.

Sauti zikakutana. Mama akasita.

"Hiyo ni mimi au ni wewe?"

"Ni sisi, mama."

"Mh." Akasuuza sahani, akaikabidhi bila kumtazama. Macho yake yalikuwa yamejaa na hakutaka yaongelewe. "Hapo ukutani pa stoo, mnaanza saa ngapi?"

"Kengele ya mapumziko ikilia."

"Nitakuja," mama akasema. "Ila safu ya nyuma sikai."