Nyumba Yenye Pindo

Mama yake ndiye aliyempachika jina la Kwanini, tangu alipokuwa kitoto kinachouliza kwa nini chumvi haiozi na kwa nini kivuli hakina macho. Sasa ana miaka hamsini na miwili, ana pacha waliokwisha kuondoka nyumbani kujitegemea, ana mume fundi cherehani, na jina bado halijambanduka. Hata kazini wanamwita hivyo hivyo. Kazi yake ni kupima maziwa kwenye kituo cha kupokelea. Kila asubuhi wafugaji hupanga ndoo zao mbele yake, na maziwa yote huwa meupe, na kila mwenye ndoo huapa kwamba yake ni safi. Kwanini hatii neno. Hutumbukiza kipimo chake cha kioo, akakiangalia kinavyoelea, kisha akamwambia mwenye ndoo kwa upole, "Haya yamekutana na bomba njiani."

Jumatano moja alirudi nyumbani akaikuta barua juu ya meza ya kukatia nguo. Ilitoka katika kampuni iliyoikatia nyumba yao bima kwa miaka kumi na miwili. Ilisema kwamba kuanzia mwezi ujao ada ya bima itapanda karibu mara mbili, na wasipolipa kufikia tarehe thelathini, bima itakoma. Zilibaki siku kumi na moja.

Mumewe alikuwa ameshaisoma. Watu wote walimwita Fundi Pindo, kwa sababu alishona sare za shule, na kila kaptura na kila sketi iliyotoka mikononi mwake ilikuwa na pindo la vidole vinne limekunjwa kwa ndani. Mtoto akirefuka, mzazi hufumua pindo, nguo ikaendelea mwaka wa pili na wa tatu. Mafundi wenzake walimcheka kwamba anajifukuzia wateja. Yeye alijibu kwamba nguo ya mtoto isiyo na akiba ni wizi.

"Tuiache hiyo bima," alisema, pini zikiwa mdomoni. "Kuta za tofali, paa la bati. Nyumba itaenda wapi?"

"Ya fundi viatu nayo ilikuwa ya tofali, Baba Pacha."

Fundi Pindo akazitoa pini mdomoni. Fundi viatu alikuwa jirani yao wa ng'ambo ya barabara. Mwaka uliopita hitilafu ya umeme iliiteketeza nyumba yake mchana kweupe, wala hakuwa na bima. Siku hizi alipanga chumba mtaa wa pili, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alipita kwanza pale penye kiwanja chake, akasimama kidogo, akaangalia, akaenda zake. Kwanini alikuwa akimwona dirishani. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji, na wao sebuleni walikuwa na vyerehani vitatu, pasi ya umeme na marobota ya vitambaa yaliyofika darini. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa kila kitu chao. Ikiungua bila bima wasingeanza tena, si kwa umri ule, na Kwanini aliogopa jambo hilo kuliko ugonjwa.

"Kampuni za bima ziko nyingi," alisema. "Kwa nini tumeijua moja tu?"

"Hapo sasa umeanza," mumewe alisema.

Alianza kweli. Alitoa daftari jipya, akaandika maswali sita, yale yale kwa kila kampuni na kwa mpangilio ule ule, maana ndoo mbili huwezi kuzilinganisha kwa vipimo viwili. Juu kabisa akanakili kutoka mkataba wa zamani: ukubwa wa jengo, mita za mraba mia moja na kumi. Mkataba ule aliujaza mumewe, mwenye utepe na mkono wa kupima. Kwanini hakuwahi kuusoma hadi siku hiyo, naye alijionea aibu kidogo, mtu mzima anayehoji hadi maji ya kunywa.

Alianzia kwa wale wale wa zamani. Afisa alimweleza bila kinyongo kwamba mwaka huu majengo yanayozidi mita mia moja yamehamishiwa daraja la juu. Kwanini akaandika.

Kampuni ya pili ilikuwa na wakala mwenye tai nyekundu na maneno laini. Ada yake ilikuwa nusu ya wengine. Kwanini alifurahi mpaka alipofika kwenye swali lake la nne: nini hamlipi? Wakala alisema hayo ni mambo madogo madogo. Kwanini akavaa miwani akayasoma hayo madogo, na moja lilikuwa hili: moto wa umeme katika nyumba inayofanyiwa biashara haulipwi.

"Sisi tuna vyerehani sebuleni," alisema.

"Vyerehani usivitaje, mama. Nani atajua?"

"Moto ukija utavitaja wenyewe," Kwanini alisema, akafunga daftari. Miaka yote alikuwa akirudisha maziwa yenye maji. Hakuona angeanzaje leo kuyauza.

Kampuni ya tatu ilikuwa na ofisi yenye ubaridi wa kutetemesha na viti vya kuzama. Walilipa kila kitu, hata kioo cha dirisha, lakini ada yao ilimfanya Kwanini aombe maji ya kunywa. Alitoka mle akiwa amechoka, na zilibaki siku sita.

Kesho yake, wakati wa chai kituoni, alimsimulia dereva wa lori la maziwa. Dereva alikuwa mtu wa maneno machache na nyumba ya vyumba vinne.

"Mbona mimi silipi hata nusu ya hiyo," dereva alisema. "Na niko na hao hao wenu wa zamani."

"Una vyumba vinne?"

"Vinne, na stoo."

"Sisi tuna vitatu. Kwa nini sisi tulipe zaidi?"

Dereva akainua mabega. Kwanini alirudi kwenye ndoo zake, lakini siku hiyo mara mbili alisahau kuandika alichopima. Swali lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Nyumba ndogo, ada kubwa. Kuna mahali maji yameingia, na hakujua yameingilia wapi.

Kampuni ya nne ilikuwa kichumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Alimkuta mwanamke mmoja, mkaguzi wa majengo, mwenye viatu vya vumbi na kalamu sikioni. Kwanini akauliza maswali yake sita, na huyu akayajibu yote bila kutazama pembeni. Ndiyo, moto wa umeme tunalipa. Ndiyo, hata kwa vyerehani, ila utaongeza kidogo na lazima kila waya ukaguliwe. Kisha mkaguzi naye akauliza lake, ambalo wale watatu hawakuliuliza.

"Vyumba vingapi, mama?"

"Vitatu vya kulala. Sebule, jiko, bafu."

"Kwa mita mia moja na kumi?" Mkaguzi akaitoa kalamu sikioni. "Basi hivyo vyumba mnachezea mpira. Mimi siandiki mpaka nione. Nitakuja Alhamisi na utepe wangu."

Kwanini alipofika nyumbani na habari hiyo, Fundi Pindo alikuwa akikata kitambaa cha sare, akakata vibaya. Hilo halikuwa jambo la kawaida. Kwanini hakukumbuka mara ya mwisho mumewe alipoharibu kitambaa.

"Anakuja kupima nini tena? Vipimo si viko kwenye karatasi?"

"Ndivyo anavyofanya kazi. Hata mimi sipokei maziwa kwa maneno."

"Mwambie asije. Tutarudi kwa wa zamani, tutabana matumizi."

"Kwa nini?"

Fundi Pindo alikanyaga cherehani, kikanguruma, na kikaendelea kunguruma mpaka chakula kikapoa. Kwanini alimtazama mgongo. Katika miaka thelathini ya ndoa alikuwa ameuliza maswali mengi ndani ya nyumba ile, na yote yalijibiwa, hata yale ya kipuuzi. Usiku huo hakuuliza tena. Aliingiwa na hofu ndogo, ya mtu anayejua jibu lipo ila hajui lina uzito gani.

Alhamisi mkaguzi alikuja. Alipima sebule, vyumba, jiko na bafu, akazunguka nje akapima kuta, huku Kwanini akimshikia ncha ya utepe. Fundi Pindo hakuinuka kwenye cherehani. Mkaguzi alijumlisha juu ya goti lake, akajumlisha tena.

"Themanini na nne," alisema. "Karatasi yenu inasema mia moja na kumi. Mita ishirini na sita zimekwenda wapi?"

"Pengine zilipimwa vibaya," Kwanini alisema, ingawa alijua mumewe hapimi vibaya.

"Zingekuwa mbili au tatu, ningesema hivyo. Hii ni sehemu nzima ya nyumba." Mkaguzi alishusha sauti. "Mama, nikuambie ukweli. Nyumba ikiungua, mtu wa bima anakuja kupima msingi, kwa sababu msingi hauungui. Akikuta haulingani na karatasi, anasema mmedanganya, na hamlipwi kitu. Mmelipa miaka kumi na miwili, na siku ya moto mngekuwa sawa na asiye na bima."

Kwanini aligeuka akautazama upande wa pili wa barabara, pale penye kiwanja cha fundi viatu. Cherehani kilikuwa kimenyamaza, na Fundi Pindo alikuwa amesimama mlangoni na utepe wake shingoni.

"Ni mimi," alisema. "Niliacha akiba."

"Akiba ya nini?"

"Chumba cha mama yako."

Mkaguzi akajifanya anaandika. Fundi Pindo alieleza akitazama chini, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Mwaka ule walipokata bima, walikuwa wamemwomba mama yake Kwanini aje kuishi nao. Mama alikataa. Alisema hawezi kulala sebuleni kwa mkwewe katikati ya vyerehani, na kwamba siku atakayopata mlango wake mwenyewe atakuja. Fundi alikuwa ameshapanga kujenga chumba hicho kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo alipojaza fomu, alikiandika kabisa, kama anavyomkatia mtoto nguo ya mwaka kesho. Kisha ikaja ada ya shule ya pacha, mwaka ukapita, na wa pili.

"Kila mwaka karatasi inarudi, naambiwa nisahihishe kama kuna mabadiliko," alisema. "Mara mbili nilishika kalamu nikifute. Nikashindwa. Niliona nikikifuta, basi ndiyo nimemwambia mama asije. Na wewe sikukuambia kwa sababu ungeniuliza lini, nami sikuwa na jibu."

Kwanini alitaka kukasirika, na haki alikuwa nayo. Lakini kicheko kilimtangulia, kikatoka pamoja na machozi.

"Watu wanatia maji kwenye maziwa ili walipwe zaidi," alisema. "Wewe Baba Pacha umetia maji ili ulipe zaidi."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila pini leo utaokota mwenyewe."

Mkaguzi aliandika themanini na nne. Kwanini, akiwa ni yeye yule yule, hakukubali papo hapo. Kesho yake alizunguka tena ofisi zote na kipimo cha kweli. Wale wa zamani walimrudisha daraja la chini, lakini vyerehani hawakuvitaka. Wa tai nyekundu alishusha zaidi, na sharti lake la moto likabaki pale pale. Wa tatu bado walikuwa wa kuombea maji. Mkaguzi wa juu ya duka hakuwa wa bei ya chini kuliko wote, alikuwa wa pili, lakini alilipa moto wa umeme, vyerehani na vitambaa vikiwemo. Walitia sahihi tarehe ishirini na tisa, baada ya fundi umeme kubadilisha waya wa pasi.

"Mkijenga hicho chumba, nipigieni," mkaguzi alisema. "Nitakuja nikiongeze. Kikiwa kimesimama, si kabla."

Jumapili, Kwanini alimkuta mumewe nyuma ya nyumba na kipande cha chaki ya ushonaji. Alikuwa amefagia uwanja. Alitia alama ukutani, akapiga hatua kwenda mbele bila utepe, akainama, akatia nyingine juu ya jiwe. Alifanya hivyo kwenye pembe zote nne, bila kusimama kufikiri.

"Chumba hiki kilikuwa na ukubwa gani?" Kwanini aliuliza.

"Nne kwa nne na nusu. Bafu moja na nusu kwa mbili. Kibaraza cha kuotea jua, moja kwa tano."

Kwanini alichukua utepe akapima kutoka alama hadi alama. Mita nne. Mita nne na nusu. Hakikuzidi hata kidole, na hapakuwa na pindo.

Pacha walikuwa wamemaliza shule. Tofali za msingi zingeweza kununuliwa kidogo kidogo, na kuta baadaye. Kwanini aliliona hilo wazi, akatoa simu mfukoni, kwa kuwa Jumapili ndiyo siku yake ya kumpigia mama. Mama alipokea, akalalamikia mguu, akauliza habari za pacha, na Kwanini akamsubiri amalize.

"Mama, nikuulize. Mlango wako ungependa uelekee wapi, jua linakochomoza au linakozama?"

Mama alikuwa na miaka themanini, na maisha yake yote yeye ndiye aliyekuwa akijibu.

"Kwa nini?" aliuliza mama.

Kwanini alipiga hatua mbili hadi penye alama. Akampa mumewe simu.

"Mama, ni mimi," alisema Fundi Pindo, chaki ikiwa bado mkononi. "Niko hapa nje, nakipima chumba chako."