Mtihani Aliofundishwa Kidoti

Mama Kidoti alikuwa kwenye benchi la korido ya kliniki, lakini usiseme alikaa. Aliinuka, akachungulia, akarudi, akainuka tena, mpaka mwanamke wa pembeni akahamisha mkoba wake. Ndani, binti yake wa miaka minne alikuwa anapimwa kama akili na maneno yake yanakwenda na umri.

Na hapo ndipo alipojiponza. Dada yake anafanya usafi kliniki hiyo hiyo, na upimaji ameushuhudia mara nyingi akipiga deki. Akamwaga yote: vibao vinane vinapangwa mnara, msalaba unaigwa kwa penseli, picha zinaonyeshwa kwa kidole tu, bila kutamka, kwanza mbwa, halafu kikombe. Basi mama akakomaa na mtoto wiki tatu nzima. Hakutaka binti yake aitwe mzito. Mtihani ni mtihani, bwana; nani anaingia bila kusoma?

Kidoti alifanya kila kitu chapchap, hata kikombe akakionyesha kabla hajaulizwa. Mpimaji, mwanamke mpole mwenye miwani, akamwita mama ndani na kumweleza kwamba alama ziko juu, kwa hiyo mtoto hahitaji darasa la kusaidiwa kuongea. Nafasi zilikuwa zimebaki mbili, wangepewa wenye alama za chini.

Mama akatoka meno nje. Hatua kumi hazijaisha, Kidoti akaanza kumvuta mkono, analia, anajitupa sakafuni, neno hata moja hakuna. Ni kiu? Ni mkojo? Ni tumbo? Jamani, mwaka mzima mama huyu anabahatisha tu! Furaha ikamwishia pale pale, zikabaki aibu na hasira, tena hasira ya kujikasirikia mwenyewe. Darasa lilelile analolihitaji ndilo alilomfundisha mtoto kulikosa. Akambeba, akarudi mbio.

"Nilimfundisha," alisema akiwa bado mlangoni. "Yote. Mpaka picha zinavyofuatana."

Mpimaji hakumgombeza, na hilo likamuuma zaidi. Alimweleza kwamba vibao havimpimi tena mtoto anayevijua; kurudia ni baada ya miezi sita, na nafasi zinafungwa leo. Kilichobaki ni maelezo ya mzazi, ila yawe ya kweli. Akachukua fomu, akauliza mtoto anasema maneno mangapi.

Mama alitaka kusema ishirini, kama anavyowaambia majirani siku zote.

"Matatu."

"Na wewe anakuitaje?"

Kidoti alikuwa ametulia mapajani, anachezea kifungo cha blauzi ya mama yake. Mama akamshika kile kidole kidogo.

"Haniiti," akasema. "Hajaniita hata siku moja."

Hakuwahi kumwambia mtu yeyote jambo hilo, hata baba yake mtoto. Akaangua kilio, huku mpimaji akivuta daftari la darasa na kumwandika Kidoti.