Foleni Nyuma ya Bukta

Kibanda umiza cha Mrisho, pale Newala, alikoonyesha mpira na picha, hakikuwa na viti. Kila mtazamaji alikuja na dumu lake tupu, akaliweka chini, akalikalia. Utaratibu huo haukumgharimu Mrisho kitu, na watu nao waliupenda, kwa sababu bomba la mtaa lilikuwa karibu na mlango, na likianza kutoa maji mtu alikuwa tayari na chombo mkononi. Jumamosi moja baada ya swala ya alasiri Mrisho alifagia, akatundika mashuka meusi madirishani, akachomeka flashi aliyoinunua stendi ya Masasi siku alipopeleka korosho.

Ndani ya flashi mlikuwa na kipindi kimoja tu cha zamani cha televisheni, cha shujaa mwenye joho. Jina lake la kwao hakuna aliyelijua. Newala walimwita Bukta, kwa sababu alivaa bukta juu ya suruali. Katika kipindi hicho mwizi mmoja, Mzee Mrija, anafyonza maji yote ya mji kwa mrija mnene kama gogo la mnazi. Bukta anampiga ngumi, anayarudisha maji, meya anampa glasi, anakunywa, anakonyeza jicho, basi. Kijana aliyekitafsiri kwa Kiswahili hakuacha kitu. Hata kiti kikianguka, alikitafsiri.

Mara ya kwanza hakuna aliyekipenda. Kilichowanasa baadaye ni makosa yake. Joho la Bukta lilikuwa jekundu akiruka na la zambarau akitua. Meya alipoteza sharubu katikati ya hotuba na kuzipata mwishoni. Mujibu wa bodaboda alishikilia kwamba ile glasi ya mwisho haipungui. Bukta anakunywa na anakunywa, nayo bado imejaa. Ashiru, muuza vocha, akamjibu kwamba huko kwao maji hayaishi, sasa kosa liko wapi. Walibishana jioni nzima. Kama kuna watu duniani wenye haki ya kubishania glasi ya maji, basi ni wa Newala.

Ndipo Zabibu aliyekuwa akikaanga mihogo mlangoni, na ambaye kutoka pale aliiona nusu tu ya kioo, akasema, "Yule pale nyuma ni Mama Ladislaus."

Mrisho akarudisha nyuma. Wakati Bukta anapigana mbele ya mji uliochorwa kwenye pazia, nyuma yake kulikuwa na foleni ndefu ya watu wenye madumu. Mwishoni mwa foleni alisimama Dominika, Mama Ladislaus, aliyezikwa kiangazi kilichopita. Alikuwa na dumu lake la bluu, lililozibwa kwa kipande cha kitenge. Mujibu akasema hilo nalo ni kosa, walijumlishe na mengine. Ashiru akauliza kama alikuwemo tangu mwanzo. Mrisho akasema yeye ameinunua flashi ilivyo na hairudishwi. Yule mtafsiri asiyeacha kitu, alipofika hapo, alikohoa.

Pale Newala, juu uwandani, dumu ndilo mtu. Unaliweka kwenye foleni alfajiri, unakwenda shamba, unarudi unakuta nafasi yako inakungoja, na hata mwizi haligusi. Dominika alipofariki, ndugu waligawana vitenge vyake, wakarudisha sufuria alizoazima, wakaanua matanga, wakauliza mbele ya watu kama kuna mwenye dai na marehemu. Hakuna aliyekumbuka kwamba dumu lake lilikuwa bado lipo kwenye foleni. Mtu akifa, nafasi yake haifi mpaka dumu liondolewe, na kila mtu mzima pale mtaani alilijua hilo.

Alikufaje, hilo halikusahauliwa. Lilinyamaziwa, na kunyamazia ni jambo jingine kabisa. Siku ile yeye ndiye alikuwa wa kwanza bombani. Likaja boza la maji la Cuthbert, mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa. Mlinzi wa bomba akalisogeza dumu la bluu kwa mguu, akaingiza mpira wa boza. Boza likajaa na bomba likakauka. Nyuma ya Dominika walikuwa wamesimama nusu ya mtaa, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa kuwa anayetoka mstarini kusema neno hupoteza nafasi, na mwenye nguvu mpishe. Dominika akaliacha dumu limshikie zamu, akaazima ndoo, akashuka bondeni. Alikuwa anapanda mlima kurudi, maji kichwani, alipoteleza. Jioni ile Cuthbert aliwauzia watu walewale maji yaleyale.

Zabibu alikwenda kumwita mume wa Dominika, Anselmo, akamkuta anapalilia mikorosho.

"Shikamoo, Baba Ladislaus."

"Marahaba."

"Mama Ladislaus yuko kwa Mrisho. Amesimama foleni."

Anselmo aliuliza kama ana viatu. Zabibu akasema ana ndala. Anselmo akaegemeza jembe kwenye mti, akachukua dumu, akaja akakaa mbele kabisa. Kipindi kilipoanza upya Dominika alikuwa amesogea nafasi moja.

Tangu siku hiyo Mrisho aliacha kuonyesha mpira. Kila alasiri alikiweka kipindi kilekile, Bukta akapiga ngumi zilezile, na nyuma yake Dominika akasogea kidogo, akaliburuta dumu, akajifunga upya kanga kiunoni kama ilivyokuwa kawaida yake. Anselmo hakulia. Aliwaambia watu kwamba mkewe akipata maji yake atatoka kwenye foleni, alale kama marehemu wengine, na kwamba yeye haombi zaidi ya hilo.

Nyumbani alikuwa na mama yake mzazi, Bibi Ida, aliyelala kitandani bila kuweza kujigeuza. Dominika ndiye aliyekuwa akimwogesha. Sasa Anselmo alimpangusa kwa kitambaa kibichi, siku ambazo kitambaa kilipata kulowana, na mgongo wa bibi ulikuwa umeanza vidonda. Kila jioni alimsimulia bibi jinsi mkwewe alivyosogea. Bibi Ida aliuliza swali moja tu, kama maji amepata. Anselmo alimjibu kwamba bado.

Dominika alivyosogea mbele, waliokuwa nyuma yake nao wakaanza kuonekana. Wote walikuwa wameupa uso mji wa kuchora na mgongo watazamaji. Mujibu akasema yule mwenye jezi ya kijani ni Ashiru, haina ubishi. Ashiru akasema jezi za kijani zimejaa mjini, ila yule mwenye jaketi lililochanika kwapani ni Mujibu, hata mtoto angemtambua. Mujibu hakumtambua. Zabibu alionyeshwa mgongo wenye mkanda wa aproni, akasema huyo ni dada mwingine kabisa. Kila mmoja aliwajua wenzake wote na hakuna aliyejijua. Nyani haoni kundule, lakini nyani hao walikuwa wanaonyeshwa kwenye televisheni, mchana, tena kwa kiingilio.

"Mtu mzima," akasema Anselmo, "hata mgongo wako huujui?"

Kesho yake Mujibu alikuja bila jaketi. Kwenye kioo alikuwa bado amelivaa.

Siku Dominika alipofika wa kwanza, watu walijaa mpaka barazani. Cuthbert alikuwa amesikia naye, akaja, na kikatafutwa kiti cha kweli kutoka nyumba ya jirani. Anselmo alivaa koti lake la kahawia la kanisani, lile lililoshonwa begani kwa uzi mweupe, kwa sababu alikuwa na maneno ya kusema. Alikuwa ameyarudia asubuhi mbele ya mama yake mpaka yakanyooka: Cuthbert, umemuua mke wangu, na hawa wote walikuona. Bibi Ida aliyasikiliza na kusema ni maneno mazuri.

Bukta akapiga ngumi. Mtafsiri akakohoa. Dominika akazibua kile kitenge, akaliweka dumu chini ya bomba. Hapo, katikati ya mji wa kuchora, likaingia boza, lenye bonyeo ubavuni na maandishi MUNGU MWEMA mbele, boza ambalo kila mtu pale ndani alishalisukuma angalau mara moja lilipozima. Mguu ukalisogeza dumu la bluu. Mpira ukaingia. Bukta alikuwa karibu kiasi cha kunyoosha mkono, lakini alikuwa anawaonyesha watazamaji misuli. Migongo nayo haikugeuka. Kisha meya akampa shujaa glasi yake, naye akaanza kunywa.

"Picha za zamani hizi zina makosa mengi sana," akasema Cuthbert. Watu wakacheka na kukubali. Ndivyo walivyokuwa wakisema wenyewe tangu mwanzo.

Anselmo akasimama. Watu wakainamisha macho kwenye madumu yao. Cuthbert naye akasimama, akampa mkono, akamshika bega kwa huruma ambayo huenda ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo linalouma zaidi.

"Baba Ladislaus, pole. Nasikia mama mzazi hali si nzuri. Boza liko hapo nje, limejaa. Lete madumu yako ujaze, sitaki hela yako. Na kila Jumamosi njoo, umesikia? Kila Jumamosi."

Mdomo wa Anselmo ulikuwa tayari umefunguka. Alikumbuka mgongo wa mama yake. Mdomo ulibaki wazi kwa muda wote ambao Bukta alikunywa kutoka kwenye ile glasi isiyopungua.

"Ahsante, Mwenyekiti," akasema, akainama akaokota dumu alilokuwa amelikalia.

Jioni ile Bibi Ida alioga maji ya kumwagiwa, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akiwa anafutwa aliuliza kama mkwewe amepata maji.

"Amepata," akasema Anselmo.

Jumamosi iliyofuata Mrisho alikiweka kipindi kama kawaida. Dominika alikuwa amerudi mwisho wa foleni na dumu lake la bluu. Hakuonekana kukasirika, alikuwa amesimama tu. Mujibu, ambaye jicho lake la kutafuta makosa lilikuwa halijachoka, akaona kosa moja limeongezeka. Nyuma ya Dominika sasa kulikuwa na mgongo mpya, wa mwanamume mwenye koti la kahawia, na begani uzi mweupe. Alimgeukia Anselmo kwa adabu zote.

"Baba Ladislaus, yule wa koti la kahawia unamfahamu?"

Anselmo aliinama mbele, akatazama kwa makini, akatazama tena.

"Simfahamu," akasema.

Nje boza likapiga honi. Watu wakainuka, kila mmoja akaokota alichokuwa amekalia, na mlangoni Anselmo akapishwa atangulie.