Karatasi Namba Moja

Chaki ya mwalimu Eliezer ililiwa siku ya Jumatatu, kabla ya kipindi cha hesabu. Ilikuwa kipande cha muhogo mkavu, kirefu kama kidole, alichokichonga mwenyewe na kukianika siku nne mpaka kikakubali kuandika. Alitoka nje kupenga kamasi. Aliporudi kipande hakipo, na wanafunzi arobaini na watatu wa darasa la nane wanatazama ukuta.

"Nani?"

Mwishowe akasimama Bora, msichana wa Fizi, Kongo, wa kwanza katika kila mtihani. Unga mweupe ulikuwa bado kwenye pembe za mdomo wake.

"Ni mi, Mwalimu. Kwetu hatujapika tangu juzi."

"Ungeomba."

"Ungenipa?"

Darasa likacheka. Eliezer hakumchapa. Alichovya kidole kwenye majivu akaandika hesabu kwa kidole. Ubao wake ulikuwa mlango wa mbao uliong'olewa kwenye seli, maana kambi yote ya Dzaleka, hapa Malawi, ilikuwa gereza kabla ya kuletewa wakimbizi. Aliupaka masizi ya betri, na juu kabisa, kwa rangi ya mafuta isiyofutika, akaandika: TUNASOMA ILI TUSIDANGANYWE. Watoto walikaa juu ya matofali.

Maneno hayo hakuyaokota. Kwao Kongo, mchana alikata miwa nje ya Uvira, jioni alisoma, na cheti alikipata akiwa na miaka thelathini na minne. Kwa hiyo aliwadharau watu wa aina mbili: waliopewa elimu bila kuitolea jasho, na waliokuwa na nafasi ya kufikiri wasifikiri. Kambini aina zote mbili zilijaa.

Wiki hiyo akaja Daktari Kalonde kutoka Lilongwe. Hakuwa daktari wa wagonjwa. Alikuwa daktari wa elimu, mwenye shati jeupe, maji ya chupa na boksi la karatasi mia tatu za maswali. Alihitaji mkalimani, akamchukua Eliezer.

"Mradi una pesa za chumba hiki kimoja," alimwambia Eliezer. "Ama tuliendeleze darasa la nane, tulete vitabu na mishahara, ama tufungue ushonaji. Sitaki kubahatisha. Wakimbizi wenyewe watasema elimu ni ya nini."

"Swali hilo lina zaidi ya miaka elfu mbili, Daktari. Wenye akili wameliwaza na hawakulimaliza."

"Kwa sababu hawakuhesabu," Daktari akacheka. "Sisi tutahesabu kwa siku tatu."

Jioni, kwenye bomba la maji, Mama Madeleine alimshika mkono. Alikuwa mjane wa Uvira, na watoto wake watatu walisoma kwa Eliezer.

"Mwalimu, we ndo utaandika na ule Daktari? Basi sikia. Ile karatasi haiko ya masomo. Iko ya kupeleka batu Canada."

"Nani kakuambia?"

"Batu bote banajua! Kule banatafuta batu ba kushona. Ukisema unataka batoto basome, banakuambia, bon, baki hapa usome. Ukisema kazi ya mikono, unapanda ndege."

"Na watoto wako watatu?"

"Karatasi yangu ni moja tu, Papa. Bengine batatetea masomo."

"Miaka mitano nawafundisha watoto wenu," Eliezer alisema, "ningewafundisha ninyi."

"Ungetufundisha na chaki gani?" Mama Madeleine akajibu, na foleni nzima ya ndoo ikacheka.

Eliezer alirudi nyumbani akiwabeza njia nzima. Nyumbani ni turubai, jiko la mawe matatu, na Nicole, binti pekee aliyebaki naye tangu walipokimbia mwaka tisini na sita. Nicole alikuwa amelala. Usingizini alikuwa akitafuna, na mdomoni hamkuwa na kitu.

Asubuhi Daktari alisema, "Tuanze na wewe, tujaribu maswali." Akaandika juu ya karatasi: namba moja.

Umri. Mahali alikotoka. Mara ngapi anakula. Swali la tisa likafika. "Elimu ni ya nini, kwanza kabisa? Moja, kupata kazi ya mikono. Mbili, kazi ya ofisini. Tatu, kurudi kujenga kwenu. Nne, kumjua Mungu. Tano, mengineyo, taja."

Mstari wa mengineyo ulikuwa na urefu wa vidole viwili. Eliezer aliutazama. Maneno yake matatu ya ubaoni yangeenea pale, akiyabana. Kisha akauona tena akilini mdomo wa Nicole ukitafuna gizani. Karatasi moja katika mia tatu, aliwaza. Wengine wapo.

"Moja," akasema. "Kazi ya mikono."

Daktari akainua kichwa. "Wewe? Mwalimu?"

"Andika."

Siku ya kwanza hakusikia hata mmoja akitetea masomo. Siku ya pili, mzee Gakiza, katekista Mrundi aliyeuza blanketi lake anunue daftari za wanawe, alisema mikono, akitazama chini. Mama Madeleine alisema mikono, tena akaongeza kwamba yeye ni fundi tangu tumboni mwa mama yake. Siku ya tatu Eliezer alitafsiri neno lile lile mpaka likamkauka mdomoni.

"Daktari, hawa wanadanganya. Wanadhani hii ni orodha ya Canada."

"Uliwaambia sivyo?"

"Niliwaambia. Kadiri unavyokana ndivyo wanavyoamini."

Daktari alifunga boksi kwa utepe. "Jibu la mtu ni jibu lake. Nikianza kuchagua lipi la kweli na lipi la uongo, huo si utafiti tena. Ni mahubiri."

Eliezer hakusema la kwake.

Miezi miwili baadaye aliitwa Lilongwe kusikiliza matokeo. Aliomba kibali cha kutoka kambini, akatembea mpaka mji mdogo wa Lumbadzi viatu vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, akavivaa pale na kupanda basi dogo. Ukumbi ulikuwa na zulia. Ukutani waliangaza picha: mnara mmoja mrefu, na vijiti vinne vifupi kando yake. Wazazi tisini na wanne kwa kila mia walikuwa wamesema mikono.

Alipewa dakika tatu. Alisimama na Kiingereza chake cha kujifundisha, kila neno akiliweka mahali pake.

"Wazazi hawa hawakujibu swali lenu. Walijibu swali walilodhani mmelificha. Mtu anayehesabiwa miaka mitano, leo kwa mahindi, kesho kwa maharage, anajifunza kutoa jibu linalolisha. Mmepima njaa, mkaiita maoni."

Mama mmoja mwenye hereni aliandika kitu. Eliezer alinyooka zaidi.

"Mwalimu ana falsafa nzuri," Daktari Kalonde alisema taratibu. "Tunaiheshimu." Akafungua boksi, akatoa karatasi ya juu kabisa. "Hii ni namba moja. Jina sitalisoma. Mtu huyu ni msomi, hakuhitaji mkalimani. Swali la tisa alijibu, kazi ya mikono. Nilishangaa, nikamuuliza tena. Akaniambia, andika." Akamgeukia. "Nisaidie, Mwalimu. Huyu naye alikuwa na njaa, au alikuwa na maoni?"

Watu wachache walicheka, si kwa sauti. Akisema njaa, alikuwa amedanganya; akisema maoni, mnara ule ulikuwa wa kweli. Eliezer aliangalia viatu vyake. Alikuwa ameving'arisha vizuri sana.

"Zikomo, asante," akasema mwenyekiti. "Chakula kiko tayari."

Alikula kuku wao. Paja alilifunga kwenye karatasi ya kufutia mikono, kwa ajili ya Nicole.

Hakuna aliyeitwa Canada. Zilikuja cherehani nane na fundi mkuu, Cyrille. Ubao, ule mlango wa seli, uliteremshwa ukutani ukalazwa juu ya matofali ya wanafunzi, ukawa meza ya kukatia. Kazi ya kwanza ilikuwa sare mia mbili za shule moja ya kulipia mjini Lilongwe.

Mwezi wa pili wa ushonaji Eliezer akaja kusimama mlangoni pasipo mlango.

"Karibu, Papa Mwalimu," Cyrille alisema. "Mkono yako inanyooka. Njoo kutuchorea mistari. Gauni kumi, sahani moja ya unga."

Mradi ulikuwa umeleta chaki maboksi sita, nyeupe, bluu na pinki. Eliezer alikitandaza kitambaa juu ya maneno yake, akainama, akaanza kuchora kola. Upande wa pili wa meza Bora alisubiri na mkasi. Alichukua kipande cha chaki ya bluu, akakinusa, akakigusa kwa ncha ya ulimi, akakirudisha kwenye boksi.

"Hii hailiki," akasema, na akaanza kukata.