Namba Iliyokwenda Namanga

Kompyuta ya marehemu Aweys ilikuwa ikijizima kila mara, na fundi wa Kitengela alisema haitamaliza wiki. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya kusikiliza ambavyo Aweys alimnunulia bintiye Muno, asiyeona, mwaka hadi mwaka. Ambiyo, mjane wake, alinunua kompyuta nyingine akajaribu kuvihamisha. Vikakataa. Vingefunguka tu kwa akaunti ya Aweys. Nenosiri alilijua, lakini kwa kuwa kompyuta ilikuwa ngeni, duka la vitabu lilituma namba ya kuthibitisha kwenye simu ya Aweys.

Laini hiyo ilikaa bila kutumika tangu afariki, ikapewa mtu mwingine.

Ambiyo aliipiga, akaweka spika, Muno akiwa kando yake. Aliyepokea alisema anaitwa Kiilu, wakala wa forodha huko Namanga. Ambiyo alimweleza yote, akamwomba amsomee namba iliyoingia.

"Mama, hiyo ndiyo njia wezi wanatumia," Kiilu alisema. "Hizo namba hazisomewi mtu."

Hata Ambiyo mwenyewe angekataa, na alijua hilo. Kwenye kioo, muda wa namba ulikuwa ukiyoyoma. Alimtajia jina kamili la mumewe, akamsimulia alivyougua. Kiilu akajibu kwamba jina mtu yeyote anaweza kulipata. Kisha akauliza jambo jingine.

"Kwenu kuna mtu anaitwa Muno?"

Ambiyo alimgeukia binti. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ni mtoto wangu. Kwa nini?"

"Kila Ijumaa ananitumia meseji. Ananiita aabo, na mwishoni anataja jina lake. Niliuliza, nikaambiwa ni baba kwa Kisomali. Ananiambia mambo ya shule. Nimeshindwa kumwambia si mimi."

Muno, aliyezoea kuandika meseji kwa kuitamkia simu yake, alisogelea simu ya mama. "Ulizisoma?"

"Zote. Pole."

Namba ya kwanza ilikuwa imekwisha muda. Ambiyo aliliomba duka namba nyingine, na Kiilu akaisoma polepole, tarakimu moja moja. Duara likazunguka kwenye kioo, likazidi kuzunguka, mpaka vitabu vikaanza kujitokeza kimoja kimoja.

Muno hakusubiri. Aliingia chumbani akafunga mlango, na mama yake hakumfuata.

Ijumaa hakutuma meseji. Jioni Kiilu alipiga mwenyewe, akauliza kama vitabu vinasikika vizuri. Ambiyo akamwambia asubiri kidogo, akabisha mlango wa Muno, akampa simu.